Usimwambie Mtu "Acha Mawazo"

Iwe uko jikoni unageuza chapati, iwe uko ndani ya daladala na foleni imegoma kusogea, au umekaa barazani na redio yako ya betri pembeni, nakuomba dakika chache tuzungumze juu ya mawazo.

Neno lenyewe lina siri yake. Wazo likiwa moja, tunalipenda. Kwenye kikao mwenyekiti huuliza, "Nani ana wazo?" na mwenye nalo hupewa nafasi asimame. Lakini ukiambiwa jirani yako "ana mawazo," hukimbilii kumpongeza. Unajua mtu huyo hali chakula vizuri, hacheki kama zamani, na usiku taa yake haizimwi. Tofauti ni herufi mbili tu mwanzoni mwa neno, na tayari tumetoka kwenye akili timamu tumeingia kwenye mateso. Siku hizi tunasema pia "msongo wa mawazo", na hilo nalo linatukumbusha jikoni, maana kitenzi ni kilekile cha kusonga ugali. Jambo moja linazungushwa, linakandamizwa, linazungushwa tena, mpaka linakuwa zito mwiko haupiti.

Nikueleze yaliyonipata mwenyewe. Usiku mmoja niliamka saa tisa kwenda kunywa maji, nikatazama simu. Kulikuwa na simu moja ya mama, ya saa tano usiku, ambayo sikuipokea kwa sababu nilikuwa nimelala. Mama yangu yuko kijijini, na kwa kawaida saa mbili ameshalala. Nikapiga. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikasikia moyo unagonga mpaka masikioni. Kabla ya nusu saa kuisha nilikuwa nimeshamzika mama yangu. Nasema nimemzika, maana nilishapanga basi la alfajiri la kutoka Mbezi, nilishahesabu nauli, nilishachagua nani wa kumpigia kwanza kati ya ndugu zangu na nani asiambiwe mpaka nifike. Niliwaza hata maneno nitakayomwambia bosi wangu kuomba ruhusa. Nililia. Machozi yalikuwa ya kweli, na msiba haukuwepo.

Saa kumi na mbili asubuhi simu yake iliita. "Mwanangu, betri iliniishia. Nilikuwa nataka kukuuliza lile shuka la kijani ulilitia sanduku gani."

Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: usiku ule nilikuwa najua nini hasa? Nilijua mambo mawili. Mama alipiga saa tano, na sasa simu yake imezimwa. Basi. Basi la alfajiri, jeneza, waombolezaji, vyote nilivitengeneza mwenyewe gizani. Tena havikuja kama dhana. Hakuna sauti iliyoniambia, "Huenda mama ni mgonjwa." Vilikuja kama taarifa ya habari, kana kwamba kuna mtu amepiga hodi akaniletea.

Huko Philadelphia, Marekani, kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Aaron Beck. Alizaliwa mwaka 1921 akafariki 2021, akiwa na miaka 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwasikiliza wagonjwa wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Aligundua kwamba chini ya maneno waliyokuwa wakimwambia kulikuwa na mkondo mwingine wa mawazo mafupi, ya haraka, ambayo wao wenyewe hawakuyaona: "Sifai." "Mambo yataharibika." "Amenichoka." Yanapita upesi kiasi kwamba mtu haoni wazo lenyewe, anaona tu kwamba kifua kimebana. Beck alianza kuwafundisha wagonjwa wake kulikamata wazo lile linapopita, kulitamka, kisha kuliuliza maswali kama hakimu anavyomuuliza shahidi. Umeyajuaje haya? Uliyaona au umeyasikia? Kuna maelezo mengine yanayowezekana? Kutokana na kazi hiyo kukatokea aina ya tiba ambayo leo inatumika karibu dunia nzima, na kiini chake ni hicho: kutenganisha kilichotokea na kile ulichojisimulia.

Na wala jambo hili si geni kwa watu wa upande wetu wa dunia. Chukua neno wasiwasi. Limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Wasikilizaji Waislamu mnalijua vizuri, maana sura ya mwisho kabisa ya Kurani ni dua ya kujikinga na mnong'onezaji. Kwa hiyo waliotuachia neno hili walikuwa wameshaelewa kwamba wasiwasi husema, tena husema kwa sauti ya chini, karibu na sikio, ili uidhanie ni sauti yako mwenyewe.

Alikuwapo mwanachuoni wa mji wa Balkh, katika nchi tunayoiita leo Afghanistan, jina lake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja, wakati ambapo matabibu wengi walishughulika na mwili tu. Ushauri wake mmoja naupenda sana. Alisema mtu mwenye busara huweka dawa nyumbani kabla hajaugua, basi vivyo hivyo na aweke akiba ya mawazo mema angali ametulia, ili nafsi ikichafuka ghafla awe na cha kushika. Usiku ule wa simu ya mama sikuwa na akiba yoyote. Ningekuwa nayo, huenda ningejikumbusha jambo dogo tu: mara zote simu ya mama ilipozimwa, sababu ilikuwa betri.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii. Mtu akikuambia ana mawazo, sisi tuna jibu moja tulilolirithi sote, wazee kwa vijana. "Acha mawazo." "Usiwaze sana, utaumwa presha." "Mwachie Mungu." Tunalisema kwa upendo kabisa. Na halisaidii. Ninathubutu kusema linaumiza.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasiwaze kuhusu dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wapige kengele. Kengele zililia. Na baadaye, walipopewa ruhusa ya kumwaza dubu yule, walimwaza zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Hii maana yake, mtu anayekazana kutowaza ada hawezi kuilinda akili yake isiwaze ada bila kwanza kuangalia kama ada imo. Analinda mlango usiku kucha, na mgeni mwenyewe yuko ndani.

Tena "acha mawazo" hubeba ujumbe mwingine chini yake. Mtu anasikia: suala lako limekwisha, funga mdomo. Anainuka, anakushukuru, anakwenda zake na mzigo uleule, safari hii akiwa na aibu juu yake. Wanaume huumia sana hapa. Mwanamume akisema mara moja akajibiwa "jikaze," hatasema mara ya pili.

Basi tufanye nini? Naomba nikupeleke Harare, Zimbabwe.

Washona wa kule wana neno kufungisisa, na maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Ukimsikia bibi wa Kishona akisema mtu fulani ana kufungisisa, ni kama bibi wa Kiswahili anaposema "ana mawazo." Sasa mwaka 2005 serikali ya nchi ile ilibomoa vibanda na nyumba za maskini mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mwaka huohuo daktari mmoja, Dixon Chibanda, mmoja wa mabingwa wachache mno wa magonjwa ya akili waliokuwapo nchini humo, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Binti yule alitakiwa arudi hospitali kumwona. Hakurudi kwa sababu nyumbani kwao hawakuwa na nauli.

Hebu tulia hapo kidogo. Dawa ipo, daktari yupo, binti amekufa kwa kukosa nauli ya basi.

Chibanda ameeleza mara nyingi kwamba tangu hapo aliona hawezi kukaa hospitalini akiwasubiri wagonjwa. Alitaka kwenda walipo. Akaenda Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini kusini mwa jiji, akaomba wauguzi, akaomba chumba. Wauguzi hawakuwapo, wana kazi zao za kutosha. Chumba hakikuwapo. Alichopewa ni nafasi nje ya kliniki, chini ya miti, na bibi 14. Hawa walikuwa wanawake wazee waliokuwa wakijitolea katika mambo ya afya ya jamii, hawana shahada yoyote, wanaheshimika mtaani kwao. Kazi ilianza mwaka 2006.

Mwanzoni benchi walilokalia na wagonjwa chini ya miti ile lilipewa jina la benchi la afya ya akili. Watu wakalikwepa. Nani akubali kuonekana amelikalia? Hata kwetu, mtu akitaka kukutusi anakwambia unafaa kupelekwa Mirembe, kule Dodoma, utadhani hospitali ya magonjwa ya akili ni adhabu. Ni wale bibi waliomwambia daktari abadili jina, liwe Benchi la Urafiki. Basi watu wakaanza kuja kukaa.

Na bibi hafanyi nini? Haamuru. Kwanza ana maswali 14 mepesi, yaliyotungwa kwa Kishona, ya kujua hali ya mtu: unalala, unalia, unawaza kupita kiasi? Kisha anasikiliza. Hatua hii ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili. Mgeni anamwaga yote yaliyomo, na bibi haharakishi. Yakishamwagika, wanayatazama pamoja na bibi anamwomba achague jambo moja. Moja tu, lile analoweza kulifanyia kitu. Wanatafuta njia, wanaamua hatua ndogo ya wiki hiyo, anakwenda kuijaribu, anarudi kueleza imekuwaje. Mikutano hufika sita hivi.

Ungeweza kusema, haya ni mazungumzo ya kawaida tu ya wazee. Ndivyo wataalamu wengi walivyodhani. Kwa hiyo Chibanda na wenzake wakayapima. Walichukua watu 573 katika kliniki 24 za Harare, nusu wakapata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu, nusu wakakaa na bibi. Matokeo yalitoka Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida walibaki na dalili za sonona kiasi cha mtu mmoja katika kila wawili. Waliokaa kwenye benchi, walibaki 14 katika kila 100. Baadaye benchi hilo limefika Malawi, limefika Zanzibar, limefika hadi New York.

Limefika Zanzibar! Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu Zanzibar, Lamu, Mombasa, Kilwa, mabenchi yalikuwapo kabla ya madaktari. Baraza zile za mawe mbele ya nyumba zilijengwa watu wakae, wazungumze. Leo tunakaa, lakini tunazungumza mpira, siasa, bei ya mafuta, ya fulani na fulani. Ya moyoni hayagusi baraza. Upande wa kina mama kuna vikoba, kila wiki wanakutana, wanajuana hisa na madeni ya kila mmoja hadi senti, na bado mama anaweza kununua hisa zake, akatabasamu, akarudi nyumbani kulia. Kule Harare waliomaliza vikao na bibi huunda kikundi, wanakaa duara wakisuka mifuko ya kuuza kwa plastiki zilizotumika, huku wakisemezana. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka wenyewe. Wanaochambua mchele pamoja wanalijua hili.

Nilijaribu jambo hili kwa dada mmoja mtaani kwetu, fundi wa nguo. Alikuwa na wiki tatu hapati usingizi. Nilipomuuliza, alinijibu, "Kaka, yote yameniangukia." Nikamwambia, haya, yote ni yapi? Alichukua daftari lake la vipimo, akageuza nyuma, tukaandika. Kodi ya miezi sita. Ada ya binti aliyeko chuo. Cherehani inakata uzi. Mdogo wake amegombana na mumewe. Mteja mmoja hajalipa vitenge tangu sikukuu. Maumivu ya kiuno. Na la mwisho aliliandika polepole: "Naogopa nitakufa kabla mtoto hajamaliza."

Mambo saba. Alipoyatazama karatasini alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni saba. Nilidhani ni mia." La mdogo wake tulilikata kwa mstari, maana hakuwa na uwezo nalo. Kati ya yaliyobaki alichagua ada. Asubuhi yake alikwenda kwa mhasibu wa chuo kuomba kulipa kwa awamu, jambo ambalo kwa wiki tatu alikuwa ameshajijibu kwamba watakataa. Walikubali. Kodi ilibaki palepale, kiuno kikabaki. Lakini usiku ule alilala.

Sitaki mtu aniambie kwamba nasema shida zetu ni za kichwani. La. Mwenye deni ana deni, na mwenye nyumba akibisha hodi si ndoto. Kuna wasiwasi ambao ni hesabu halali ya mtu anayeona kipato hakitoshi, na huo hautibiwi kwa maneno matamu, unataka kipato. Wala anayetishwa na yaliyomuumiza zamani si mwoga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ninachosema ni kwamba deni moja usiku huzaa madeni kumi, na yale kumi ndiyo yanayomaliza nguvu za kulikabili lile moja.

Kwa wanaoishi peke yao, wasio na wa kumwambia, kuna njia ambayo watafiti wa Pennsylvania, Borkovec na wenzake, waliijaribu mwaka 1983. Unaupa wasiwasi saa yake, nusu saa kila siku, mahali palepale, mapema jioni, kamwe si kitandani. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi ukiwa kazini, unauandika neno moja kwenye kikaratasi, unauambia, tuonane saa kumi na moja. Hujaukataza, umeuahirisha. Saa ikifika unakaa nao kweli, na mara nyingi utakuta nusu ya yale uliyoandika hayana tena cha kusema.

Na jambo moja naomba lisikike vizuri hata kama foleni imeanza kusogea. Ikiwa hali imekukalia wiki mbili au zaidi, usingizi hakuna, chakula hakiingii, vitu ulivyovipenda havina ladha, au umeanza kuona bora usiwepo, huo ni ugonjwa na una tiba. Usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mtu aliye karibu, nendeni pamoja kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mseme wazi kama mnavyosema malaria. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini wengi wanaotusikiliza hawajafika huko. Wako pale pa "nina mawazo" wanaposema wakitazama pembeni, kama wanatania. Wiki hii mmoja wao atakwambia wewe. Huenda ni mumeo anayechelewa kuingia ndani, ni mwanao wa kidato cha nne, ni konda unayempa nauli kila asubuhi. Nakuomba, siku hiyo usimwambie aache. Vuta kigoda, mwulize, "Yapi?" Kisha nyamaza, umpe nafasi ayataje yote, hadi la mwisho.